Kiti cha Meza ya Kwanza

Papa Kalenga tulimzika Jumanne, na Jumatano asubuhi tulikuwa tumeshaanza kugombana juu ya viti. Si viti vya kilio. Hivyo vilikuwa vya parokia, na kila mtu alikaa alipopata. Ugomvi ulikuwa wa viti vya sataranji. Vijana wa kilabu walikuwa wamepatana na wenzao wa Kolwezi, waliokuja kuzika, kwamba kabla wageni hawajapanda basi wangecheza mechi moja ya timu kwa heshima ya marehemu, meza nne, palepale uani kwake. Kijana mmoja mwenye miwani, anaitwa Fiston, akapanga majina ya upande wetu kwa nguvu: anayeshinda sana mbele, anayeshindwa nyuma. Jina langu, Ngoie, aliliweka mwisho kabisa, na kusema kweli hakukosea, maana siku hizi napigwa hata na wanafunzi wangu wa Lubumbashi. Lakini Mama Bolumbu, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na macho yake yamechoka, aliposomewa yale majina aliweka chini kikombe chake cha chai. "Weye Fiston," alisema, "nani alikufundisha kupanga bantu kama viazi, kubwa juu, kadogo chini? Hapa Kamina tunakaa kwa umri." Fiston alicheka, akidhani ni utani wa bibi. Mimi sikucheka. Nilivuta kiti, nikawaambia wakae niwaeleze habari za mwaka wa treni ya Waangola, na niliyowaeleza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa Kiswahili cha vitabu kadiri ninavyokiweza, ingawa kinywa changu bado ni cha Kamina.

Habari za nani alinizaa na wapi tuziache, hazina kazi hapa. Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini, shule nimemaliza, kazi sina, nina chumba kimoja kwa shangazi yangu Kabange katika mtaa wa watu wa reli. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha lisilofunga vizuri, na magunia ya mahindi ya shangazi yaliyoongezeka na kupungua kufuata msimu, hivi kwamba Februari nililala nimejinyoosha na Juni nililala nimejikunja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya Papa Kalenga, mzee aliyestaafu, na baraza yake ndiyo iliyokuwa kilabu. Kazi yake ya zamani ilikuwa kubadilisha njia za reli pale treni zinapoachana, moja iende Kananga, nyingine Kalemie, na kazi hiyo, alisema, ni kungoja kutwa nzima na kuvuta chuma mara moja. Sataranji alijifunza akingoja. Kete zake nyingine zilikuwa za mbao, nyingine vifuniko vya chupa, na ile kete ambayo wengine huiita askofu sisi tuliiita kichaa, kwa sababu ndivyo Wafaransa wanavyoiita na hakuna aliyetuambia vinginevyo. Alifundisha nusu ya mtaa, na karibu wote aliowafundisha walikuja kumshinda. Mimi nilimpiga jioni baada ya jioni. Kila nilipomfunga mfalme wake alinipa mkono na kusema "Eyo vidye", kama mtu anayemwitikia chifu wake, halafu akatuma mtu alete mikate ya mafuta tule wote. Nilijua hakuna wa kuniweza pale barazani, na nilipenda sana kila mtu ajue.

Ndipo mashindano ya kimataifa ya timu yakaletwa Kamina. Usiniulize nani aliamua. Nadhani mtu fulani katika ofisi fulani aliangalia ramani, akaona reli zote zinakutana hapa, akasahau kuangalia treni zenyewe. Timu nane zilialikwa, kutoka Zambia, Tanzania, Burundi, Angola na kwingineko, pamoja na timu ya Lubumbashi iliyotuwakilisha sisi Wakongo. Mji ukapiga chokaa ukumbi wa parokia, masista wakaazima masufuria, na waendesha pikipiki wakajifunza kusema "karibu" kwa Kireno. Lakini treni ya Waangola iliharibika njiani, huko ng'ambo ya Tenke, na siku ya kufungua mashindano zilikuwepo timu saba tu. Mwamuzi mkuu alikuwa Mtanzania mmoja mrefu, Bwana Msuya, mtu wa adabu nyingi na mikunjo ya suruali iliyonyooka hata kwenye vumbi letu. Alituita wenyeji akatueleza shida yake. "Timu saba hazigawanyiki kwa mbili," alisema. "Kila raundi timu moja itabaki bila mpinzani, na haipendezi watu wasafiri wiki nzima kuja kukaa bure. Naomba mnipatie timu ya kujaza nafasi. Waangola wakifika kabla ya raundi ya tatu, mtawapisha." Ndivyo tulivyoingia. Kwenye karatasi kubwa ya ukutani tuliandikwa Kamina, na chini yake, kwa herufi ndogo, timu ya kujaza. Shangazi Kabange aliposikia aliuliza tunajaza nini, gunia?

Bwana Msuya alitaka majina manne na mmoja wa akiba, tuyapange kuanzia meza ya kwanza. Hapa ndipo Fiston aliponikatiza kuuliza tulipangaje, na nikamjibu kwamba hatukupanga, tulijua tu. Papa Kalenga alikuwa mkubwa wetu, basi meza ya kwanza. Mama Bolumbu, mke wa mwanajeshi, aliyetoka Équateur na kuuza maharagwe kwenye soko la kambi, alimfuata kwa umri, basi meza ya pili. Mwalimu Kazadi, kapiteni wetu, meza ya tatu. Mimi ya nne, na Ilunga, kinyozi wa sokoni, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miezi, akawa wa akiba. Hata mimi mwenye kiburi changu chote sikufikiri kwamba kuna namna nyingine; ungemwekaje mtoto akae mbele ya mzee, mbele ya wageni, ndani ya ukumbi wa parokia? Bwana Msuya alisoma majina, akatutazama, akauliza kwa upole kama tumepanga kwa uwezo. Mwalimu Kazadi alijibu kwamba tumepanga kwa utaratibu. Bwana Msuya akatikisa kichwa, akaeleza kwamba mpango huo hautabadilika tena hadi mwisho: mtu anaweza kupumzishwa na wa akiba akaingia, lakini hapo walio nyuma yake wanasogea mbele kila mmoja kiti kimoja, na hakuna kurukana. Tukasema sawa, hiyo hata sisi tunaielewa.

Nataka nieleze raundi ilivyokwenda, maana niliipenda kuliko misa, Mungu anisamehe. Ilikuwa raundi moja kila alasiri. Asubuhi makapiteni walipeleka majina ya watakaokaa siku hiyo. Baada ya chakula cha mchana Bwana Msuya alibandika mlangoni karatasi ya nani anakutana na nani, na wote tulisukumana pale vidole bado vina mafuta ya samaki. Simu ziliingia kwenye kikapu cha sista mmoja aliyekaa mlangoni akizifuta vioo kwa kanga. Timu moja ilipata kete nyeupe kwenye meza ya kwanza na ya tatu, nyingine kwenye ya pili na ya nne, ili asionewe mtu. Asiyekuwa kitini saa zilipoanza alikuwa ameshashindwa. Watu walipeana mikono, halafu ukumbi wote ukanyamaza, ukasikia saa tu zikigonga, na nje kuku wa padri. Ili timu ishinde mechi ilihitaji zaidi ya nusu ya pointi za zile meza nne, sare ikihesabiwa nusu. Na jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba kesho yake walioshinda walipangiwa walioshinda, na walioshindwa wakapangiwa wenzao. "Kumbe kushinda ni kujitafutia taabu," alisema Mama Bolumbu, na akaenda kushinda tena.

Maana tulishinda. Raundi ya kwanza, Burundi: Papa Kalenga alikaa mbele ya bingwa wao, akapigwa kabla chai haijapoa, akampa mkono, "Eyo vidye." Lakini meza yao ya pili haikumweza Mama Bolumbu, aliyecheza haraka kama anapima maharagwe, ya tatu haikumweza Mwalimu, na mimi kwenye ya nne nilikutana na kijana aliyekuwa mgeni wa mchezo kuliko alivyokuwa mgeni wa Kamina. Tatu kwa moja. Raundi ya pili, Tanzania, tena tatu kwa moja, tena Papa Kalenga peke yake ndiye aliyelala. Kila treni ilipopiga honi upande wa stesheni ukumbi mzima uliinua vichwa, wengine kwa kutumaini Waangola, sisi kwa kuwaogopa. Hawakuja. Raundi ya tatu ikaanza na sisi tumo, na herufi ndogo chini ya jina letu zikafutwa na mtu ambaye mpaka leo hajulikani, ingawa wino ulionekana kwenye vidole vya Shangazi Kabange.

Siku hiyo ya tatu, kabla ya mechi, nilikuwa nimebeba bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, kutoka jikoni, nikawasikia wachezaji wawili wa Lubumbashi wakizungumza dirishani. "Bale ba Kamina beko na akili," mmoja alisema. "Baliweka muzee mbele akuliwe, na nyuma balificha ule binti." Mwenzake alicheka. "Muzee mwenyewe hajui kintu. Anafikiri banamupatia heshima." Niliweka bakuli mezani kwa nguvu hadi mchuzi ukaruka. Sikuwa nimeona jambo hilo hata kidogo, na nilipoliona sikuweza tena kuacha kuliona: kila timu ilileta mtu wake mkali kuliko wote kwenye meza ya kwanza, na kila mkali alimwangukia Papa Kalenga, na sisi wengine tulikula mabaki. Niliwaambia Mwalimu na Mama Bolumbu nyuma ya ukumbi. Mwalimu alisema tumpumzishe mzee, Ilunga aingie, sisi wote tusogee mbele kiti kimoja. "Tutashindwa," alisema, "mais tutashindwa na heshima yetu." Mama Bolumbu alimtazama. "Bon. Na nani atamwambia muzee alamuke kwenye ile kiti? Minyi hapana." Mwalimu naye akagundua kwamba viatu vyake vinahitaji kufungwa. Nikasema nitakwenda mimi. Nilimhurumia, hiyo ni kweli. Nilitaka pia kukaa kiti cha mbele zaidi, na hiyo nayo ni kweli.

Nilimkuta barazani kwake, amevaa suti yake ya Noeli, anachovya mkate kwenye chai. Nilianza kuzunguka maneno, joto, umri, uchovu, naye akanisikiliza hadi nikaishiwa. "Weye ulisikia bale ba Lubumbashi," alisema. "Minyi nilijua kutoka siku ya kwanza, wakati ule muamuzi wa Tanzania aliuliza kama tulipanga kwa uwezo. Ngoie, sikia. Mutu wa nguvu wa kila timu, fasi yake ni wapi? Ku mesa ya kwanza. Akikaa na minyi, hawezi kukaa na weye." Nikamwambia, lakini Papa, wanakupiga kila siku mbele ya watu. Akashangaa kweli. "Mbona weye unanipiga kila siku, na tunakula mikate? Minyi nilizoea. Weye hauyazoea." Nikatazama reli. Aliniuliza kama ninataka meza ya kwanza, nikasema ndiyo, maana kwa mzee yule uongo haukutoka. "Uzeeke kwanza," alisema, akapangusa makombo kwenye tai. Tuliposimama kwenda ukumbini akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayeagiza kitu sokoni: "Nusu moja tu minyi natafuta. Sare moja, kabla mashindano haiyaisha. Niende nayo nyumbani kwa mama." Mama alikuwa mkewe, ambaye kila jioni alimuuliza "Ulipata?" na kila jioni alijibiwa "Kesho."

Kutoka hapo kikundi kizima tulicheza tukiitafuta ile nusu yake. Zambia tuliwabana tukawatoa mbili na nusu kwa moja na nusu, na Papa akashindwa. Raundi ya nne tulipigwa na Malawi, Papa naye humo humo. Ikabaki ya mwisho, na karatasi ya mlangoni ikatupa Lubumbashi. Timu tatu za juu zingealikwa Zambia mwaka uliofuata, nauli na chakula juu ya wenyeji, na kwa hesabu za Bwana Msuya sisi tulihitaji angalau mbili kwa mbili. Watu walijaa hadi madirishani. Nilimaliza mapema, nikashinda, halafu nikasimama nyuma ya kamba kuangalia wengine. Mama Bolumbu alipoteza malkia wake kwa haraka zake. Mwalimu Kazadi alipigana vizuri akaanguka mwishoni. Moja kwa mbili, na meza moja tu bado inacheza, na ni ile ya kwanza.

Sijawahi kuona mchezo kama ule wa Papa Kalenga siku ile. Alikuwa amefunga kila njia. Askari wake walisimama uso kwa uso na askari wa kijana wa Lubumbashi aliyekaa mbele yake, hakuna wa kupita, na yeye alikuwa akimpeleka farasi wake mbele, akimrudisha nyuma, akimpeleka, akimrudisha, bila haraka, anangoja kama alivyongoja maisha yake yote pale stesheni. Yule kijana alikuwa bingwa wa jimbo lake. Alikuna kichwa, akaangalia saa, akatafuta mlango, akakosa. Mwishoni akanyoosha mkono juu ya meza. "Sare, muzee?" Nilihisi ukumbi mzima ukivuta pumzi. Sheria ilimruhusu kapiteni kusema neno moja, ndiyo au hapana, mwamuzi akisikia, bila kutazama ubao. Mwalimu alijua hesabu kuliko sisi sote: sare ilimaanisha moja na nusu kwa mbili na nusu, tumeshindwa, kwaheri Zambia. Alimtazama Papa, si ubao. "Ndiyo," alisema. Mama Bolumbu, pembeni yangu, alinong'ona, "Chukua, Papa, chukua."

Papa Kalenga aliutazama mkono ule. Halafu aligeuka akatazama meza yangu, ya Mwalimu na ya Mama Bolumbu, taratibu, moja baada ya nyingine, kama anahesabu mabehewa. Kisha akarudisha mikono yake mapajani. "Hapana, mwanangu," alimwambia yule kijana. "Tucheze." Akasukuma askari mmoja, njia ikafunguka, na kwa muda kidogo kila mtu aliamini. Mimi niliamini. Lakini njia ikifunguka hupitiwa na yeyote, na aliyeipita alikuwa yule kijana. Papa aliangusha mfalme wake kwa kidole kimoja, akampa mkono. "Eyo vidye." Nililia pale pale, mbele ya watu wa Lubumbashi, na sikujali. Nilimkimbilia nikamuuliza kwa hasira, juu ya nini hakuichukua, ilikuwa yake, aliitafuta wiki nzima. Alinipa leso yake. "Nusu ilikuwa ya minyi," alisema. "Ile ingine ilikuwa ya siye bote. Sasa weye ulitaka nichukue gani?" Na hapo hapo treni ikapiga honi stesheni, ndefu, mara mbili, na ikawa ni Waangola. Ukumbi mzima ulicheka hadi Bwana Msuya akatoa kitambaa kufuta macho. Waliingia na masanduku yao wakati wa kugawa zawadi, weusi kwa moshi na wenye njaa, wakala bukari yote, ugali wetu, na samaki wote wa Mulongo, na jioni yake Papa Kalenga alikuwa ameshawaketisha barazani kwake, akipigwa nao mmoja mmoja. Mimi nilipewa zawadi ya mchezaji bora wa meza ya nne, saa ya sataranji ya kutia ufunguo. Alishika saa ile akaiweka sikioni kwa muda mrefu, akasema inatembea vizuri kuliko treni. Kwa saa hiyo niliitwa Lubumbashi kufundisha watoto, na mpaka leo ndiyo kazi yangu.

Nilipomaliza kuwaeleza, Fiston alivua miwani akaifuta, akachukua kalamu, akapanga majina upya. Mwalimu Kazadi siku hizi yuko Kinshasa kwa binti yake. Mama Bolumbu alikataa, akisema macho yake sasa ni ya kulia tu. Basi mkubwa kati ya wachezaji nilibaki mimi. Ilunga kinyozi akawa wa pili, Fiston mwenyewe wa tatu, na kwenye meza ya nne akakaa Mujinga, msichana wa kidato cha mwisho ambaye hakuna wa kumweza mji mzima. Alipopita nyuma yangu alikuwa amenuna, midomo mirefu, na aliniuliza kama tukicheza tena atasogea mbele. Nilimwambia azeeke kwanza. Alinitazama kwa macho ambayo ningeyatambua popote, maana yaliwahi kuwa yangu.

Tulicheza uani, kwa saa yangu ya zamani, kando ya masufuria ya kilio. Mbele yangu alikaa kijana anayesoma mambo ya migodi, mkali kuliko wote wa Kolwezi, na alinibana tangu mwanzo. Mujinga alimaliza kazi yake upesi. Fiston naye akashinda, meza ya pili ikashindwa. Mbili kwa moja, na mimi nikiwa na askari pungufu na mfalme asiyelala. Yule kijana aliinua macho akaona kitambaa cha kilio kichwani kwangu, akaona nyumba nyuma yangu, na nadhani aliona haya. "Mama," alisema, "tukubali sare?" Nilitazama meza zetu, moja baada ya nyingine, kama alivyotazama yeye. Safari hii nusu ya mtu mmoja na nusu ya sisi sote ilikuwa ni ile ile. Kabla yule kijana hajafunga kinywa nilikuwa nimeshamshika mkono.

Fiston alisimama juu ya kiti akasoma matokeo, na aliposoma "meza ya kwanza, Kamina, nusu," mjane wa Papa Kalenga, aliyekuwa mkekani na wamama wengine tangu Jumapili bila kuinua kichwa, aliinua kichwa. "Alipata?" aliuliza. Mama Bolumbu alimtafuta mkono kwa kupapasa, akaushika.

"Alipata," alisema. "Treni ilichelewa tu."